Harusi ndogo ya bondeni: Haubi, Mpwapwa, Kilimatinde au Dodoma mjini?

Maharusi wanaotaka harusi ya watu thelathini au arobaini, bondeni, milima ikiwa nyuma yao, karibu wote huanza na swali la mandhari: wapi panapendeza zaidi? Mimi huwarudishia maswali mawili. Ndoa itafungwa saa ngapi? Na nani katika ukoo lazima awepo, hata kama miguu yake haina nguvu tena? Mara nyingi majibu hayo yanachagua bonde kabla hatujagusa ramani.

Kanda ya kati haina upungufu wa uzuri. Watu wakisikia Dodoma huwaza vumbi na majengo ya serikali, lakini mwendo wa saa mbili au tatu tu kutoka mjini unakuweka kwenye vilima vyenye miombo, kwenye ziwa lililozungukwa na mashamba, au juu ya ukingo wa Bonde la Ufa. Kinachosumbua ni kwamba bonde linalokupa picha za ajabu saa kumi na moja jioni linaweza kukunyima kila kitu saa saba mchana. Na mlima unaoutamani uwe nyuma yako ndio huo huo unaoweza kukuzimia jua mapema.

Nitalinganisha sehemu nne: Haubi kwenye vilima vya Irangi wilayani Kondoa, Mpwapwa chini ya safu ya Kiboriani, Kilimatinde wilayani Manyoni, na Dodoma yenyewe pamoja na majabali na mashamba yake ya zabibu. Mbili za kwanza nitakaa nazo zaidi, kwa sababu ndizo zinazowagawa watu.

Kwanza, jua la huku

Tuko kama digrii sita kusini mwa ikweta. Maana yake kwa mpigapicha ni kubwa. Jua la kwetu linashuka karibu wima, digrii 15 kwa saa, halirembi likienda upande kama linavyofanya Ulaya. Ule mwanga wa dhahabu ambao watu wameuona kwenye picha za harusi za mtandaoni, na kule hudumu muda mrefu, huku unadumu kama dakika arobaini tu. Jua likishazama, una dakika ishirini na kitu za mwanga laini, kisha giza. Dodoma jua huzama kati ya saa kumi na mbili na nusu na saa moja kamili, kutegemea mwezi. Basi ratiba ya harusi inayosema "picha za nje saa kumi na mbili" tayari imechelewa.

Ongeza mlima. Ukiwa bondeni, upande wa magharibi ukiwa na kilima, jua litapotea nyuma yake kabla halijazama. Kuna njia rahisi ya kupima: simama pale pale maharusi watakaposimama, nyoosha mkono mbele, kunja ngumi, anza kuhesabu ngumi kutoka usawa wa upeo hadi kilele cha mlima. Ngumi moja ni kama digrii 10, yaani dakika 40 za jua. Mlima wa ngumi moja unazima jua dakika 40 mapema. Wa ngumi moja na nusu, saa nzima. Nimeona kamati zikibishana juu ya rangi ya viti kwa wiki tatu bila mtu mmoja kwenda kupima jambo hili, na ndilo linaloamua kama bi harusi atakuwa na mwanga usoni au kivuli cha bluu.

Mchana wa saa sita hadi saa tisa ni adui wa wote. Mwanzoni mwa Machi na mwanzoni mwa Oktoba jua linapita utosini kabisa, macho ya watu yanakuwa mashimo meusi na shela inawaka hadi nakshi zake hazionekani. Juni jua la mchana linakaa kaskazini, Desemba linakaa kusini. Kumbuka hilo, maana litarudi tukifika Mpwapwa.

Haubi: uzuri unaodai siku mbili

Kutoka Dodoma hadi Kondoa mjini ni kama kilomita 160, lami tupu, kwenye barabara kuu inayokwenda Babati na Arusha. Tangu lami hiyo ikamilike, Kondoa imekuwa karibu. Lakini Haubi si Kondoa mjini. Unaacha lami, unapanda kwa barabara ya vumbi yenye kona na makorongo pembeni, hadi unapotokea juu na kuliona bonde lote chini: ziwa katikati, mashamba yameshuka hadi ukingoni mwa maji, vilima vimezunguka kila upande. Mgeni akiona mara ya kwanza hunyamaza. Kwa picha ya mapana, ile ambayo maharusi ni wadogo na nchi ni kubwa, sijui pengine katika kanda hii panapoishinda.

Ardhi yenyewe ina historia inayoonekana kwenye fremu. Vilima hivi viliharibiwa sana na mmomonyoko. Mwaka 1973 ulianza mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, wazee wanauita HADO hadi leo, na mwaka 1979 mifugo ikaondolewa kwenye eneo lililoharibika ili nyasi na miti virudi. Vilirudi. Lakini makorongo mekundu yamebaki, na rangi yake jioni inawaka kama mkaa unaopulizwa. Maharusi wengi huyapenda. Mimi nawapeleka yaonekane nyuma yao, kwa mbali, siwasimamishi ukingoni hata wakiniomba, kwa sababu kingo za korongo humeguka na gauni refu halikuoneshi unapokanyaga.

Mwanga wa Haubi una tabia mbili. Kwa kuwa vilima vimezunguka, jua linachelewa kufika asubuhi na linawahi kuondoka jioni. Kwa upande mwingine, ziwa linakurudishia mwanga. Mtu akisimama maji yakiwa mbele yake, uso wake unapata nuru ya chini ambayo flashi haiwezi kuiga, hata baada ya jua kujificha. Maji hupanda na kushuka kufuatana na mvua. Picha uliyoiona ya mwaka jana isikuahidi kwamba ufukwe uko pale pale. Kamuulize mwenyeji wiki ya harusi.

Sasa uzito wake. Harusi ya Haubi haiwi ya kwenda na kurudi siku moja kutoka Dodoma, labda utake wageni wafike wamechoka na shela imejaa vumbi kabla ya ibada. Panga watu walale Kondoa mjini usiku wa kuamkia harusi, na usiku wa harusi pia. Coaster inafika kiangazi; masika nisingeithubutu, ningetafuta magari madogo yenye nguvu. Bibi wa miaka themanini anaweza kufika, lakini anahitaji gari lake peke yake, linalokwenda polepole, na kiti kinachomngoja kivulini.

Kuna jambo la dini ambalo watu wa nje husahau. Kondoa ni nchi ya Waislamu wengi. Haubi ina parokia ya Kikatoliki ya siku nyingi, ila koo nyingi za Kirangi zina pande zote mbili mezani. Nikahi na ndoa ya kanisani ni kazi mbili tofauti kabisa kwa mpigapicha. Kwenye nikahi, mara nyingi bi harusi hayupo kwenye baraza wanapokaa bwana harusi, walii, mashahidi na sheikh. Yuko ndani na wanawake. Tukio lako kubwa la mlimani halitakuwa kiapo cha wawili wakitazamana. Litakuwa pale bwana harusi anapoingia, anaweka mkono juu ya kichwa cha mkewe na kusoma dua. Picha hiyo inapigwa ndani, chumba kina dirisha moja, na sekunde zake ni chache. Kwa hiyo mweleze mpigapicha mapema, na upande wa wanawake utafute mpigapicha mwanamke. Si suala la kifaa. Mama na mashangazi wanalegea, wanacheka, wanafunua nywele zao, na picha zinakuwa za kweli. Halafu baada ya hapo mnakubaliana ni zipi zitatoka nje ya chumba.

Wengi wakienda Kondoa hutaka pia michoro ya miambani ya Kolo, iliyoingizwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2006. Msimamo wangu ni mkali hapa. Wapelekeni wageni siku ya pili, pitieni ofisini Kolo mpate mwongozaji, mkaone kwa heshima. Msipeleke shela, maua na moshi wa rangi. Michoro hiyo haivumilii kuguswa wala kumwagiwa maji, na pango la Mungomi wa Kolo bado ni mahali ambapo wenyeji wanafanya matambiko. Mtu hafungi pozi kwenye madhabahu ya mwenzake.

Mpwapwa: ukitaka mlima bila kumtesa mtu

Mpwapwa iko kama kilomita 120 kutoka Dodoma ukipitia Mbande na Kongwa. Ninapoulizwa na watu wenye wazazi wagonjwa au watoto wachanga, hapa ndipo ninapoanzia. Mlima unakuja mjini: safu ya Kiboriani, upande wa Kongwa, imesimama juu ya mji kiasi kwamba unaweza kufunga ndoa kanisani, ukatoka mlangoni, ukawa na mlima kwenye picha kabla hujapanda gari. Nyumba za wageni zipo, soko lipo, saluni zipo. Keki inafika ikiwa nzima.

Kwa mandhari peke yake, Haubi inashinda. Hakuna maji hapa, na bonde halikuzungushii mikono kama lile. Lakini Mpwapwa ina miembe mikubwa na vivuli vya kudumu, na kwa harusi ndogo vivuli ni nusu ya kazi. Chini ya mwembe saa nane mchana unaweza kupiga picha za familia nzima bila mtu hata mmoja kukunja uso. Ila usiwaweke katikati ya kivuli. Majani yanapitisha rangi ya kijani, na shela pamoja na ngozi ya mashavuni vinaikamata. Wasogeze hadi ukingoni, hatua moja kabla ya jua, nyuso zitazame nje kwenye uwazi. Ardhi nyekundu iliyo mbele yao, yenye jua, itarudisha nuru ya joto chini ya kidevu. Ngozi zetu zinaipenda nuru hiyo. Kama nyekundu imezidi, natandika shuka jeupe nje ya fremu, au namwomba mpwa wa mtu ashike kitenge cheupe usawa wa kiuno. Kinatosha.

Lile jambo la jua nililosema: kwa kuwa mlima uko kaskazini ukiwa mjini, Juni na Julai jua la mchana liko upande wa mlima, kwa hiyo uso wa mlima unaoutazama unapata mwanga kidogo, unakuwa bluu na mzito, na maharusi wako wanapata mwanga kutoka nyuma. Desemba hadi Januari ni kinyume: jua liko kusini, mlima umewaka wote na kila mti unaonekana. Hakuna lililo baya, ila ni picha mbili tofauti. Anayetaka mlima wa kijani unaong'aa asije Julai, na anayetaka kivuli chenye ukungu wa asubuhi asije Januari.

Kusini zaidi mwa wilaya, ukielekea Kibakwe, unaanza milima ya Rubeho, sehemu ya Milima ya Tao la Mashariki. Huko ni pazuri kwa kiwango cha kumfanya mtu abadili mipango yote. Nawaambia maharusi: kama ninyi wawili tu mko tayari kuamka usiku siku ya tatu baada ya harusi na kupanda huko na mpigapicha mmoja, twendeni. Kama ni harusi yenyewe, na wageni, hapana. Mwendo ni mrefu, na mvua ikinyesha mpango wote unakwama njiani.

Kwa ibada, Mpwapwa ina Ukristo wa siku nyingi. Wamisionari wa Kianglikana walifika miaka ya 1870. Hapa panahitaji neno moja kwa wanaoota kiapo cha kando ya mlima. Kwa Wakatoliki ndoa hufungwa kanisani, na kuifungia mahali pengine ni jambo la ruhusa ya askofu, si la padre kukubali kwa simu. Waanglikana na makanisa mengine, kaongeeni na mchungaji kabla hamjalipa kitu chochote. Ndoa ya kiserikali nayo inahitaji taarifa siku 21 kabla, kwa mujibu wa Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971. Ninachowashauri wengi ni kuacha ibada ikae kanisani, asubuhi saa nne, kisha chakula na mapumziko kivulini, halafu kutoka saa kumi na nusu kwenda mlimani na watu wachache. Harusi haipungui utukufu kwa sababu kiapo hakikutamkwa kwenye majani.

Kilimatinde: ya asubuhi tu

Kilimatinde napita haraka kwa sababu ina sifa moja kubwa na masharti mengi. Uko juu ya ukingo wa Bonde la Ufa, chini yako ni nchi tambarare ya Bahi imetandazwa hadi macho yachoke. Ukingo unatazama mashariki. Kwa hiyo jua linachomoza mbele yako, juu ya bonde zima, na mwanga wa dakika za kwanza baada ya kuchomoza unapiga nyuso za maharusi moja kwa moja bila kilima cha kuuzuia. Jioni ni kinyume, mnakuwa kivulini mapema. Barabara ya Singida ni lami na inapanda ukingo huo huo, lakini Kilimatinde inabidi uache lami. Kwa nikahi ya alfajiri au ibada ya mapema sana ya watu kumi na tano, ni chaguo zuri kupita maelezo. Kwa harusi yenye matarumbeta na bibi, achana nayo.

Dodoma mjini: msiidharau

Watu wakishafika hapa kwenye orodha yangu hukunja uso. Wanasema wanataka bonde, siyo mji. Lakini majabali yanayozunguka Dodoma, yale mawe makubwa ya kijivu yaliyopangana kama yaliwekwa kwa mkono, yanatoa picha zenye nguvu sana jioni, na ukipanda hatua chache tu una tambarare yote chini yako. Jabali linashika joto na linarudisha mwanga. Jua likishazama, uso wa jiwe bado unarudisha nuru laini ya anga kwa dakika kadhaa. Tafuta jabali lenye njia ya kupandia bila kurukaruka, na bi harusi avae viatu vya chini hadi mahali pa kupigia.

Mashamba ya zabibu ya Mpunguzi na Hombolo ni jambo jingine. Zabibu ya Dodoma huvunwa mara mbili kwa mwaka, na baada ya kuvuna mizabibu hukatwa ikabaki mifupa mitupu. Ukifika wiki isiyo yake utapiga harusi kwenye nguzo na waya. Mpigie mkulima simu, umuulize amekata lini, mkubaliane malipo yake, na ukubali kwamba akinyunyizia dawa wiki ile hamuingii. Hombolo ina bwawa pia, kwa wanaotaka maji bila safari ya Kondoa.

Faida kubwa ya mjini ni watu. Tangu treni ya SGR ianze safari za Dar es Salaam hadi Dodoma mwaka 2024, ndugu wa Pwani wanafika mchana, wanahudhuria, wanarudi kesho yake bila kukesha kwenye basi. Kwa familia iliyogawanyika kati ya Dar na kijijini, hilo linaweza kuzidi uzuri wa bonde lolote. Na kama mnataka ngoma ya muheme, akina mama wa Kigogo na ngoma zao wamezibana mapajani, kuwapata na kuwasafirisha ni rahisi zaidi ukiwa Dodoma kuliko kuwapeleka Haubi. Pigeni picha zao wakicheza, si baada ya kucheza wamepangwa mstari. Mikono inapokuwa hewani na vumbi limeinuka kidogo nyuma yao, mwanga wa saa kumi na moja ukipita ndani ya vumbi hilo, hakuna pambo la ukumbini litakalofanana nayo.

Droni: kote mnakoenda, inasajiliwa na kuombewa kibali Mamlaka ya Usafiri wa Anga, na Dodoma ni makao makuu ya nchi, Ikulu iko Chamwino. Anayewaambia ataruka tu "dakika mbili" anawatafutia matatizo siku ambayo hamyahitaji.

Mwezi unabadilisha jibu

Mvua ya kanda ya kati ni moja, kuanzia Desemba hivi hadi Aprili. Nikipewa uhuru wa kuchagua, nachagua Mei, kwa sehemu zote nne. Mvua zimekata, majani bado yapo, vumbi halijaanza, hewa imesafishwa hata milima ya mbali inaonekana mistari yake. Kwaresma na Pasaka zimeshapita, kwa hiyo wakristo hawana kizuizi. Waislamu waangalie kalenda yao, maana Ramadhani inarudi nyuma siku kama 11 kila mwaka. Kasoro ya Mei ni kwamba vijijini watu wako kwenye mavuno ya mtama na uwele. Wajomba wengine watakuja wamechelewa na mikono ina mabua. Nawapenda kwenye picha hivyo hivyo.

Machi na mwanzo wa Aprili kuna alizeti, Kondoa na Kongwa njiani kwenda Mpwapwa. Watu wote wanataka picha ndani ya alizeti na wengi wanaipiga jioni. Ua la alizeti likishakomaa halizunguki tena, linatazama mashariki. Nenda asubuhi, maua yatakuwa yamewashwa na yanakutazama. Jioni utapata migongo yake, labda ukiwa unataka mwanga upite kwenye petali kutoka nyuma. Na shamba ni la mtu. Kukanyaga mistari miwili ya alizeti ni kumkanyagia mafuta ya mwaka, basi lipa kabla hujaingia, pitia njia atakayokuonesha.

Agosti hadi Oktoba ni upepo na vumbi. Mibuyu ipo uchi, na mimi naona ina heshima sana ikiwa hivyo, matawi meusi kwenye anga jeupe. Lakini shela ndefu kwenye upepo wa Septemba inahitaji watu wawili wa kuishika na mpambe mwenye pini nyingi. Septemba na Oktoba kwenye vilima vya Irangi na Kiboriani kuna zawadi moja: miombo inachipua majani mapya mekundu kabla mvua haijaanza. Ni siku chache, na hazina tarehe. Ukizibahatisha, picha zako hazitafanana na za mtu mwingine yeyote.

Desemba hadi Februari nisingeipeleka harusi Haubi. Mpwapwa ndiyo, mkiwa na kanisa au ukumbi wa kukimbilia. Dodoma mjini bila wasiwasi. Mawingu makubwa ya Januari juu ya majabali ni mandhari tosha, na mvua ya huku mara nyingi hupiga kwa nguvu kisha ikaondoka.

Basi nani aende wapi

Kama mmoja wenu ana asili ya Kondoa, ndugu wapo, na mnaweza kuwapa wageni siku mbili, nendeni Haubi. Msiende kwa sababu ya picha moja ya mtandaoni. Bila ndugu wa pale kuwapokea, kuwasemesha na mwenyekiti wa kijiji, kuwapa mahali pa bi harusi kubadilisha nguo, mtakuwa watalii wenye shela, na sura zenu zitaonesha hivyo.

Kama hamna asili popote kati ya hizi, au mna wazee na watoto wengi, Mpwapwa. Ndiyo ninayoipendekeza mara nyingi kuliko zote, kwa sababu siku inabaki na nafasi ya kupumua. Picha nzuri za harusi ndogo hazitoki kwenye mlima peke yake. Zinatoka kwenye ile saa moja ambapo hakuna anayekimbizwa: baba anamfunga mwanaye tai, dada anapanguza vumbi jekundu kwenye pindo la gauni kwa kitambaa chenye maji na sabuni kidogo, mtoto amelala kwenye mapaja ya mtu asiye mama yake. Safari ndefu inaila saa hiyo kwanza.

Kama familia haijakubali bado hilo wazo la watu thelathini, na kwa kweli katika ukoo uliozoea kamati na kadi za mchango si jambo dogo kuwaambia shangazi zako hawamo, fungeni ndoa Dodoma, mjini, kisha mtoke wachache kwenda majabalini jioni ile ile. Tafrija ya watu wengi inaweza kufuata wiki nyingine. Mtakuwa na albamu ya bondeni bila ugomvi wa miaka kumi.

Mkishachagua, fanyeni mambo haya kabla ya kulipa salio la mpigapicha. Nendeni naye mahali penyewe, saa ile ile ya ratiba, mpime mlima kwa ngumi. Mwandikieni majina ya wazee watano ambao lazima wapigwe picha na maharusi kabla jua halijawa kali, kwa sababu mzee anayechoka saa nane hatakuwepo saa kumi na moja. Muulizeni anabeba kamera ngapi na betri ngapi, na usiku ule ule picha anazihifadhi wapi zaidi ya kwenye kadi. Na mtengeeni sahani ya chakula, yeye na dereva, mapema. Mtu aliyeamka saa tisa usiku Dodoma ili awe Kondoa alfajiri, akila saa sita, ataona mambo ambayo mwenye njaa hayaoni.